Ufa na tundu kwenye boti ya aluminiamu havitibiwi kwa dawa moja

Swali lililoletwa ni hili: "Fundi habari za kazi. Nina boti ya aluminiamu ya mita 4 na kitu, imeungwa kwa ribiti siyo ya kuchomelea. Imegonga jiwe ikatoboka mbele, tundu linaingia kidole gumba. Kuipindua nikakuta na ufa kama sentimita 9 chini kule nyuma karibu na inapofungwa injini, halafu kuna ribiti zinavuja. Aliyeniuzia alikuwa ameshapakapaka silikoni. Fundi mmoja anasema ataichomelea yote siku moja amalize, jamaa mwingine ananiambia epoksi inatosha kila mahali. Nimsikilize nani?"

Ndugu yangu, usimfuate yeyote kati yao moja kwa moja, manake wote wanaiona boti yako kama ina tatizo moja wakati ina matatu na kila moja lina njia yake. Tundu ni ajali, jiwe liligonga likapita, limeisha hapo, ukiziba vizuri umemaliza. Ufa haujaisha. Ufa maana yake bati la hapo linacheza, linapinda na kurudi kila injini inaposukuma na kila wimbi linapopiga chini, mpaka limechoka likakatika, kama waya unavyoukunja na kuukunjua mkononi hadi ukatike. Sasa ukiufunika bila kuuliza kwanini bati linacheza hapo, baada ya muda utakuta ufa mwingine umetokea pembeni ya kiraka, na utasema kiraka kilikuwa kibaya kumbe kiraka kilikuwa sawa ila chanzo uliacha kilekile. Kwa hiyo kila nitakachokwambia kuhusu ufa kianze na swali hilo, nini kinalichezesha hilo bati.

Kabla ya yote, hiyo silikoni itoke. Yote. Najua inachosha lakini hakuna kitu kinashika juu ya silikoni, si epoksi (ile gundi ngumu ya kuchanganya) si rangi si silanti nyingine (dawa laini ya kuzibia mavujo), na ile silikoni ya kawaida inayonuka kama siki wakati inakauka inatoa asidi inayokula aluminiamu taratibu chini yake, kwa hiyo unaweza kukuta chini ya hizo pakapaka kuna vijishimo ambavyo havikuwepo. Ikwangue kwa kipande cha plastiki kigumu au ubao, usitumie kisu utaacha mikwaruzo mirefu, halafu msasa, halafu futa na asetoni kwa kitambaa safi ukibadilisha kitambaa mara kwa mara, ukitumia kitambaa kimoja unasambaza tu uchafu. Ukitaka kujua kama pamesafika nyunyizia maji, yakitandaa kama utando mmoja basi pako sawa, yakijikusanya matone matone bado kuna mafuta au silikoni, rudia.

Halafu tafuta mavujo yote kwa mpigo, usibahatishe. Weka boti kwenye trela au kwenye magogo yanayoishika vizuri chini pande zote, jaza maji ndani kidogo kidogo huku unatazama chini. Usijaze mpaka juu, lita 1 ni kilo 1, ukiweka lita 300 umeipakia kilo 300 mahali ambapo haikutengenezwa kubebwa na unaweza kuongeza ufa mwingine. Maji yafunike tu sehemu ya chini na mstari wa kwanza wa ribiti. Kila penye tone weka alama na makapeni, siyo penseli, manake ile risasi nyeusi ya penseli ni grafaiti na grafaiti ikikaa na aluminiamu kwenye maji chumvi inaanzisha kutu pale ulipochora. Ukimaliza utashangaa, sehemu uliyodhani inavuja pengine iko sawa na maji yalikuwa yanatoka mbali yakitembea kwa ndani ya mbavu.

Tuje kwenye ufa, hapa ndo nitakaa sana.

Kwanza jua unaishia wapi. Macho hayatoshi, ufa wa aluminiamu kwenye ncha unakuwa mwembamba kuliko unywele. Kuna rangi ya kupenya inauzwa kwenye makopo ya kupuliza, unapuliza nyekundu, unasubiri dakika 10 hivi, unafuta juu kuwe safi, halafu unapuliza nyeupe, na ule wekundu uliojificha ndani ya ufa unachomoza kama mstari. Huo ufa wako wa sentimita 9 usishangae ukiwa 11. Ukishapata ncha zote mbili, toboa kila ncha na biti ya milimita 3, tundu likae mbele kidogo ya pale mstari unapoishia ili uwe na uhakika umeimeza ncha yenyewe. Sababu yake ni kwamba ncha ya ufa ni kali sana, nguvu yote inajikusanya pale na kuendelea kulichana bati, ukiweka tundu la mviringo nguvu inasambaa kuzunguka tundu na ufa unasimama. Safisha kingo za tundu kwa mkono na biti kubwa zaidi, usiache meno meno, meno ndo mwanzo wa ufa mwingine. Hii hatua watu wengi wanairuka wanaenda moja kwa moja kwenye kiraka na ndo maana ufa unatembea chini kwa chini unatokea upande wa pili.

Sasa chanzo. Kwa ufa wa nyuma karibu na injini mimi ningeangalia ubao wa nyuma kwanza kabisa. Boti nyingi za aina hiyo zina ubao ndani ya bati la nyuma, injini inafungwa hapo, na ubao ukioza injini inaanza kutikisika na kuvuta bati la chini kila ukiongeza mafuta. Shika injini kwa juu, ivute mbele na nyuma huku mwenzako anatazama bati, likionekana kusogea umeshapata jibu. Choma ubao na bisibisi, ikiingia kirahisi ubao umeoza. Ukibadilisha weka plaiwudi ya boti, ipake epoksi pande zote na ndani ya matundu ya bolti, na tafadhali usiweke mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia wadudu yenye shaba, zile za rangi ya kijani kijani, shaba ile ikilowa inakula aluminiamu mpaka inatoboka na hutaona kwa sababu inakula kutokea ndani.

Ubao ukiwa mzima angalia mbavu. Ribiti za ubavu ulio karibu na ufa zikilegea, lile bati linabaki bila mtu wa kulishika. Angalia pia kama ubavu unaishia ghafla katikati ya bati, pale kwenye ncha yake ndo bati linapindia, na ufa unapenda sana kuanzia hapo. Halafu trela, rola moja ikikaa katikati ya bati badala ya kukaa chini ya mkuku au chini ya ubavu inagonga sehemu ileile safari nzima, na nyufa nyingi zinazaliwa barabarani siyo majini. Na ukubwa wa injini, boti nyingi zina kibandiko nyuma kinasema mwisho ni nguvu farasi ngapi, soma.

Ukishashughulikia hilo ndo uweke kiraka. Chukua bati la aluminiamu ya majini, aina ya 5052 ndo rahisi kufanya nayo kazi kwenye boti nyembamba, unene uwe sawa na wa boti yako au uzidi kidogo tu. Watu wanadhani kiraka kinene ndo imara, hapana, kiraka kinene sana hakipindi kabisa kwa hiyo pale kinapoishia ndo bati la boti linapindia na unajitengenezea ufa mpya kwa mikono yako. Kipite ufa angalau sentimita 5 kila upande, na kona zote uzizungushe, kona kali hazitakiwi kwenye boti hata moja. Mimi napendelea kukiweka ndani kama mbavu zinaruhusu, chini kunabaki laini na mawe hayakikwangui, ila kama ndani huingii weka nje na uchonge kingo zake kwa tupa ziteremke.

Ribiti za milimita 4.8 zinafaa hapo. Zikae kama milimita 10 kutoka ukingo wa kiraka, zisiwe karibu zaidi ya hapo, na nafasi kati ya moja na nyingine kama milimita 15 mpaka 20, ukiziachanisha sana bati linajiinua katikati na maji yanapita. Toboa kwanza zote, shikilia kiraka na bolti ndogo tatu nne, halafu kitoe tena, ndiyo kitoe, usafishe unyoya wa chuma uliobaki katikati na pande zote za matundu, manake ukiuacha kiraka hakilali na silanti haitasaidia kitu. Kwaruza na msasa nyuso zote mbili zinazokutana, futa na asetoni, paka silanti ya poliyurethani ya majini kama 3M 5200 au Sikaflex ya boti, paka kote siyo pembeni tu, kisha weka na upige ribiti ukianzia katikati kwenda nje. Silanti itoke kidogo kuzunguka kingo zote, mahali isipotoka ujue hapo kuna pengo. Iache ikauke siku zile zilizoandikwa kwenye tyubu, 5200 ya kawaida ni kama wiki, hii ya "imeshakauka juu twende" ndo inaua kazi nzuri.

Ribiti zenyewe, bora ni zile ngumu za aluminiamu zinazopigwa kwa nyundo, mmoja anapiga na mwingine anashikilia kipande kizito cha chuma upande wa pili. Usipofika ndani tumia za bunduki lakini ziwe zile zilizofungwa mwisho, zisizopitisha maji katikati, na msumari wake wa ndani uwe aluminiamu pia, za kawaida za dukani zina msumari wa chuma, unaota kutu pale ndani na tundu liko wazi. Za shaba usiguse, za stenlesi pia hapana kwa kazi hii.

Hizo zinazovuja zishughulikie hivyohivyo. Iliyolegea tu igandamize upya, chuma kizito kwenye kichwa nje, mwenzako anagonga mkia kwa ndani mapigo machache ya wastani, usiipige mpaka ikapasuka. Ikikataa itoboe itoke, weka mpya na silanti, na kama tundu limepanuka likawa la yai panda saizi moja juu. Kuipaka epoksi kwa ndani ribiti inayocheza ni kupoteza muda, inacheza kwa hiyo epoksi itapasuka.

Tundu la mbele ni jepesi. Gonga kingo zilizoingia ndani zirudi, nyundo ya mpira au ya mbao na kipande cha ubao kwa nyuma, taratibu. Kata sehemu zilizochanika upate tundu la mviringo au la yai, kingo safi, halafu piga ile rangi ya kupenya hapo pia kwa sababu jiwe huwa linaacha vijinyufa vinavyotoka kwenye tundu kama miale, vikate vyote viishe hata kama tundu litakuwa kubwa. Kiraka na ribiti na silanti kama nilivyosema juu. Chanzo hapa huna haja ya kukitafuta.

Na epoksi ina mahali pake, huyo jamaa hajakosea kabisa. Vijitundu vya sindano, vishimo vya kutu, mshono unaodondosha tone moja, hapo epoksi ni nzuri na utaipenda. Siri yake iko kwenye maandalizi, aluminiamu ukiisugua ikawa inang'aa, hewa inaanza kutengeneza utando mpya wa oksaidi juu yake palepale, na utando huo ndo epoksi inaushika badala ya kushika bati lenyewe. Kwa hiyo sugua, futa na asetoni, paka epoksi nyembamba, halafu usugue tena na msasa ukiwa ndani ya hiyo epoksi mbichi, ili bati linapofunuliwa likutane na epoksi na siyo hewa. Kisha ongeza epoksi juu. Tafuta ile inayonyumbuka kidogo, West System wana G/flex kwa mfano, zile ngumu kama kioo zinabanduka bati linapopinda. Na ipake rangi juu, jua linaiharibu epoksi. Lakini kwenye ufa unaocheza epoksi peke yake ni hapana.

Haya, kuchomelea. Kwa boti yako mimi ningekataa, na si kwamba kuchomelea ni kubaya. Boti ya ribiti ya saizi hiyo bati lake mara nyingi ni kama milimita 1.5. Aluminiamu inayeyuka kwenye nyuzi 660 lakini ule utando wa oksaidi juu yake unayeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,000, halafu haibadiliki rangi kuwa nyekundu kama chuma ikupe taarifa, inakaa kimya inakaa kimya halafu inadondoka na una tundu la ngumi. Inatanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lilelile kwa hiyo bati linapinda, na joto linakimbia haraka pembeni linaunguza silanti iliyoko chini ya ribiti za jirani na kuzilegeza. Unachomelea ufa mmoja unapata mavujo kumi. Juu ya hapo bati hilo lilipata ugumu wake kwa kuviringishwa likiwa baridi kiwandani, pale joto lilipopita ugumu unaondoka, na hapo ndo penye mtikisiko wa injini.

Hizi fimbo za kuyeyusha kwa taa ya gesi wanazoonyesha kwenye video, zinaziba kopo dakika moja, nazo niziseme manake najua utaziona. Zina zinki nyingi na zinashika karibu nyuzi 390. Bati la 5052 linalainika kabisa kwenye nyuzi 345. Umeona shida iko wapi, kabla fimbo haijashika umeshalilainisha bati kuzunguka ufa wako. Na kwenye maji chumvi ile zinki ndo inaliwa mwanzo.

Ingekuwa boti ya kuchomelewa toka kiwandani, bati milimita 3 kwenda juu, ningekwambia kachomelee, na fundi umsikilize anavyojibu. Muulize anatumia waya gani, kwa bati za 5052 na 5086 utegemee kusikia 5356, kwa 5083 ni 5183 au hiyohiyo 5356, akikwambia 4043 kwa bati la 5083 au 5086 tafuta mwingine. Gesi ni agoni tupu. Brashi ya waya ya stenlesi iwe ya aluminiamu peke yake, isiwe imeshagusa chuma. Na ufa lazima ufukuliwe wote kwa umbo la V, uchomelewe, halafu upande wa pili ufukuliwe tena mpaka chuma safi na uchomelewe, anayepitisha mstari mmoja juu ya ufa ameufunika tu.

Hili la usalama naomba ulichukulie kwa uzito hata kama hutachomelea wewe. Boti nyingi zina povu la kuelea chini ya sakafu, likiungua linatoa moshi wenye sumu kali na moto wake haushikiki, litolewe lote karibu na kazi. Tangi la mafuta litoke nje, lisiachwe ndani eti ni tupu, mvuke ndo unaolipuka. Na usisafishe kamwe bati la kuchomelewa na zile dawa za kupuliza za kusafishia breki zenye klorini, mwanga na joto la kuchomelea vinaibadilisha kuwa fosijini, gesi ya kuua mtu. Asetoni, na iache ikauke kabisa, chupa iwe mbali.

Ukiwa umeifungua boti pita pia ndani chini ya mazulia na mbao. Unga mweupe pamoja na vishimo ni kutu ya aluminiamu, inapenda mahali penye unyevu uliokaa bila hewa. Hata sarafu ya shaba iliyodondoka chini ya sakafu ikakaa kwenye maji chumvi inaweza kutoboa bati peke yake. Safisha, vishimo vidogo jaza epoksi, vilivyokaribia kutoboka weka kiraka. Ukitaka kupaka rangi anza na praima ya aluminiamu siku hiyohiyo uliyosugua, na ile rangi ya chini ya kuzuia viumbe wa baharini isiwe ya shaba.

Silanti ikishakauka rudia kujaza maji ndani vilevile. Ikishika, anza na safari fupi bila mwendo mkubwa, na kila ukirudi kwa hizo za mwanzo tazama zile ncha mbili ulizotoboa na kingo za kiraka kwa tochi. Ukiona mstari mpya unaanzia kwenye ribiti ya pembeni usiweke kiraka juu ya kiraka, ishushe injini ukaangalie ule ubao wa nyuma na mbavu upya, kuna kitu bado kinacheza hapo hujakipata.